Saa za mwanagenzi zina mwenyewe

Waajiri wadogo wa England wana kilio chao kuhusu uanagenzi, yaani kujifunza kazi huku unalipwa, ambamo sehemu ya saa za mkataba lazima iwe ya masomo na iandikwe: karatasi zimezidi. Mwenye saluni ya watu wawili akimwachia mwanagenzi wake siku moja akasome, nusu ya saluni imesimama, kisha jioni kuna kuandika alichojifunza, saa ngapi hadi saa ngapi. Tena saa hazipimi ujuzi, wanasema, na hapo wana hoja. Kuna anayeshika mkasi kwa wiki mbili na anayehitaji miezi mitatu.

Lakini tuuangalie mshahara. Aprili 2025 kima cha chini cha mwanagenzi kiliwekwa pauni 7.55 kwa saa. Cha mtu wa miaka 21 na zaidi, pauni 12.21. Kijana wa miaka 22 aliye mwaka wake wa kwanza wa uanagenzi anaweza kulipwa hicho kidogo. Kwa viwango hivyo, pauni 4.66 anazoziacha kila saa ndiyo ada yake ya mafunzo. Asipofundishwa, basi ni kibarua wa bei rahisi, na hakuna kitakachomtetea ila rekodi ya saa.

Ndiyo maana hesabu ya 2022 bado inanikera. Kabla ya Agosti mwaka huo, mafunzo nje ya kazi, yaani masomo ndani ya saa za kazi lakini nje ya majukumu ya kila siku, yalikuwa angalau asilimia 20 ya saa za mkataba. Wa saa 37.5 kwa wiki, ukitoa likizo, anabaki na wiki 46.4 kwa mwaka; haki yake saa 348. Ikaja kanuni ya saa 6 kwa wiki kwa kila anayefanya kazi saa 30 au zaidi: saa 278. Hesabu imekuwa nyepesi, sikatai. Ila saa 70 zimeondoka, siku tisa nzima za kazi, kila mwaka, kwa kila mwenye mkataba wa saa 37.5. Mtasema hicho ni kiwango cha chini tu. Kwa mwajiri aliyebanwa, cha chini ndicho kinachotolewa. Tangu Agosti 2025 kila fani imepangiwa kima chake cha saa za mafunzo, na hilo naliona jambo la haki zaidi.

Binti wa jirani yangu ni mwanagenzi kwenye kituo cha kulelea watoto. Ijumaa ndiyo siku yake ya kusoma. Mwenzake akiugua, anaitwa chumba cha wachanga kubadilisha nepi, kazi aliyoimudu zamani, na kanuni inahesabu ujuzi mpya peke yake. Msimamizi akamwambia aandike saa 6 hivyo hivyo. Aliandika hivyo kwa miezi miwili. Kisha siku moja akaandika: "Saa 4:40 asubuhi nimeitwa, sikurudi." Mkufunzi wake aliposoma mstari huo alimpigia simu mwajiri, na Jumanne iliyofuata binti akarudishiwa mchana wake.