Eti Core i7! Ya Mwaka Gani?

Hivi nani aliwafundisha wauza laptopu za mtumba kugonga stika kwa ukucha? Ko, ko, ko. "Bosi, hii Core i7." Haya, i7 ya mwaka gani? Hapo ndipo anapoanza kufuta vumbi kwenye kioo kwa mkono wa shati.

i7 ni cheo tu cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, jamani. Ni kama mtu kukwambia yeye ni mwenyekiti. Wa nini? Bado yumo madarakani? Chukua i7-2620M ya 2011: kori mbili, yaani vibarua wawili ndani ya prosesa, wati 35, na ikijikamua sana inafika spidi ya 3.4 GHz. Halafu kuna kadude kanaitwa N100, ka 2023, ambako hata cheo cha chini cha i3 hakajapewa. Kori nne, wati 6, spidi inafika 3.4 GHz ileile. Zipe kazi ya kori zote uone mzee anavyoachwa kwenye mataa. Lakini bei, bwana, inapangwa na stika.

Na usidhani ni za kale tu. i7-7500U nayo ina kori mbili. Mwaka mmoja baadaye ikatoka i5-8250U, kori nne kwa wati 15 zilezile. Watu mpaka leo wanaongeza hela ili waikose ile i5!

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Soma mstari wa Processor, zile namba za baada ya kistari. 2620M ni kizazi cha pili, 8250U cha nane. Ikianza na 1, soma tarakimu mbili: 10210U ni cha kumi, 1215U cha kumi na mbili. Zikiwa tarakimu tatu tupu, kama 620M, hicho ni kizazi cha kwanza. Mrudishie mwenyewe, umsalimie na wazee wenzake. Idadi ya kori utaiona kwa Ctrl+Shift+Esc, kwenye Performance.

Kuna na wale wa "angalia GHz, bosi". Pentium 4 ilifika 3.8 GHz tangu 2004! Wati 115, ungeweza kuipigia shati pasi. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo E6600 ya 2.4 GHz, ikaigaragaza. Pentium 4 za mwisho zilipitisha kila amri kwenye hatua 31, na prosesa hukisia amri inayofuata kabla haijaijua. Ikikosea, kilichokwisha kuanza njiani kinatupwa, foleni inaanza upya. GHz zinakwambia kibarua anakimbia kiasi gani. Kama kabeba tofali moja au manne, hazisemi.

"Nimeshaweka SSD, ile diski ya kasi, sasa ni kama mpya." Itawaka haraka, sikatai. Kisha fungua video ya YouTube, feni ianze kulia kama mashine ya kusaga. Video nyingi za siku hizi zimefungwa kwa VP9 au AV1, namna mpya za kubana video, na kizazi cha pili hakina sehemu maalumu ya kuzifungua, kwa hiyo zile kori mbili maskini zinapiga kazi yote kwa jembe la mkono. VP9 inafunguliwa vizuri kuanzia kizazi cha saba, AV1 cha kumi na moja. Ukishanunua ndiyo basi, weka kiongezo cha h264ify kwenye kivinjari, uombe video za H.264, namna ya zamani ya kubana, hizo mzee anazimudu.

Feni ikizidi kulia, fundi anaifungua na kupaka ile dawa ya kupitisha joto kama anapaka mkate siagi! Punje moja ya mchele inatosha. Na ile ya zamani iliyokauka ifutwe kwanza kwa spiriti, siyo kufunikwa na nyingine juu. Ikikauka, joto halitoki, prosesa inafika karibu nyuzi 100 na kujipunguzia spidi yenyewe. Hapo hata i7 ya jana ingesota.

"Ina Windows 11 hii!" Orodha rasmi ya Microsoft kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache za cha saba, kwa hiyo hiyo kwenye kizazi cha pili imeingizwa kweli kwa dirishani. Na Windows 10 ilimaliza muda wake wa kuhudumiwa 14 Oktoba 2025.

Kwa hiyo bei gani? Ya i7, bosi. Mausi bure.