Gari Langu Linatembea Kama Kaa

Mimi nilizaliwa nimenyooka, muulizeni mama yangu. Lakini tangu Pasaka naendesha Corolla ya mwaka 1996 ambayo haiendi mbele mpaka uidanganye. Barabara imenyooka, gari linakwenda sawa, ila stelingi imeinama kulia kama mtu anayechungulia sahani ya jirani. Ukiirudisha katikati, gari linakata kushoto, mtaroni.

Mama watoto ndiye aliyeanza. "Baba, mbona ukinyoosha gari wewe unapinda?" Nikamwambia ni upepo wa bahari. Tunaishi Kigamboni, kila kitu nausingizia upepo wa bahari.

Nimekwenda alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, mara tatu. Mara tatu, shilingi 25,000 kila nikienda! Kijana anapachika vyuma vyake kwenye magurudumu ya mbele, anatazama kompyuta, anageuza tairodi, vile vyuma vya kukatisha magurudumu ya mbele, kidogo, anapiga kofi boneti: "Tayari, kiongozi." Sijavuka geti la gereji, stelingi imeshainama. Nikarudi nikauliza, na nyuma je? Akanitazama kama nimeagiza alaimenti ya bampa. "Nyuma hakuna alaimenti, bosi."

Sasa, yapo magari ambayo nyuma ni ekseli moja tu kutoka tairi hadi tairi. Hayo kweli huna cha kugeuza. Langu si hilo. Langu kila tairi la nyuma lina mikono yake ya chuma inayolishikilia, kila mkono una bushi, mpira wa kwenye kiungo, na bushi zenyewe zina umri wa kuoa na kuacha.

Aliyenifungua macho ni trafiki. "Mzee, tairi kipara." Nikashuka kwa kishindo nimwonyeshe kashata, yale meno ya tairi. Kwa nje zipo, zimejaa. Akaniambia niiname. Tairi la nyuma kulia, upande wa ndani, nyaya zinachungulia. Nikanywea. Nikapitisha kiganja kutoka ndani kuja nje, laini kabisa. Nikarudisha kutoka nje kwenda ndani, looo! Kama kumpapasa samaki changu kuanzia mkiani. Tairi likisagika hivyo ujue linaburutwa. Uso wake umetazama nje ilhali gari linakwenda mbele. Na tairi la nyuma likitazama kulia, matako ya gari yanakwenda kulia, nawe mbele unashikilia stelingi kulia ili msiachane njiani.

Jumamosi nikaamua kupima mwenyewe. Nikachukua mshipi wa kuvulia samaki, ndoo nne za mchanga na rula ya mtoto wa darasa la nne. Mshipi unaupitisha ubavuni mwa gari, huku na huku, usawa wa katikati ya magurudumu. Kazi ngumu ni kuuweka sambamba na gari. Kuku alipita katikati mara mbili. Jirani akaegemea ukuta na kikombe chake cha chai: "Unalipimia kaburi?" Sikumjibu. Kutoka kwenye mshipi hadi ukingo wa rimu, tairi la nyuma kushoto: ukingo wa mbele milimita 70, wa nyuma 69. Hilo halina neno. Tairi la nyuma kulia: ukingo wa mbele 62, wa nyuma 71. Nikapima tena, nikamwita mwanangu naye apime kwa sababu rula ni yake. Sitini na mbili, sabini na moja. Milimita tisa! Nimelipa 75,000 kunyoosha miguu ya mtu aliyeteguka kiuno.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja mzee, chini ya mwarobaini, hana kompyuta, ana mtaimbo. Akalipiga jeki, akausukuma mkono wa nyuma. Bushi ikafunguka kama mdomo wa samaki aliyelala juani. "Umeona, mwanangu?" Nimeona, mzee wangu. Bushi mpya haikunitesa. Kilichonitesa ni bolti. Kwenye gari hili, bolti la kurekebishia upande wa nyuma lina kichwa chenye kisahani kisicho cha katikati. Ukilizungusha, mkono unasogea. Hilo langu halikuzunguka. Lilikuwa limeoana na bomba la bushi kwa kutu, na ndoa za kutu hazina talaka. Tukamwaga mafuta tukalala. Kesho yake gesi. Kesho kutwa grainda, cheche hadi kwenye sufuria ya mama ntilie.

Nikarudi alaimenti mara ya nne, kwa yule yule kijana, na safari hii nikamsimamia kama mkwe: anza nyuma, kisha njoo mbele. Akaanza nyuma. Kumbe kompyuta yake ina ukurasa wa nyuma! Siku zote ulikuwepo, alikuwa anauruka.

Sasa stelingi imenyooka. Tatizo limehamia kwangu: mikono imezoea kuvuta kulia, jana nusura niwasalimie watu wa daladala kupitia dirishani. Mama watoto kanyamaza kimya, anashika tu mkanda.

Na leo asubuhi jirani kabisha hodi, bila kikombe cha chai. Chombo chake kinavuta upande, anaomba nimpimie kwa mshipi. Nikabeba ndoo zangu nne kwa madaha mpaka uani kwake. Chombo chenyewe bajaji.