Kabla ya Kulipa Ada ya Upishi, Anza na Karai la Migebuka

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, swali hurudi pale pale hapa Kigoma, Mwanga hadi Ujiji: kijana anayependa kupika aende chuo, au aombe kazi hotelini hata kama ni ya kuosha vyombo? Mimi nasema aanze jikoni, miezi 6 hivi, na ile ada isiguswe. Ataihitaji.

Jikoni kwanza kwa sababu mkono haufundishwi kwa maneno. Kukaanga migebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, kwa kuandika, ni somo la dakika 5: paa magamba, toa matumbo, osha, kausha kwa kitambaa safi, tia chumvi, kaanga kwenye mafuta ya nyuzi joto kama 180. Sasa wateja 40 waingie kwa mkupuo saa 7 mchana. Ukijaza karai kwa haraka, mafuta yanapoa, samaki anayanyonya, na ukimgeuza ngozi inabaki chini. Akiingia na maji, mafuta yanaruka na kukuunguza. Na jiko la mkaa halina swichi. Moto ukizidi, unachomoa makaa kwa koleo. Aliyezoea gesi peke yake hapo hushikwa na butwaa.

Lakini kuna mambo ambayo jiko la mtaani litakufundisha vibaya, na hapo ndipo chuo kinapolipa. Wali uliobaki ni mfano unaoniumiza. Unafunikwa kwenye sufuria kubwa, unalala mezani, asubuhi unapashwa. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu huzaliana, na sumu inayoleta kutapika haiondoki kwa kupashwa. Dawa yake ni kuutandaza kwenye trei, kina kisizidi sentimita 5, uingie friji ndani ya saa 2, upashwe mara moja tu. Ukimuuliza aliyefundishwa na mazoea, atakwambia mbona siku zote tunafanya hivi.

Jingine ni hesabu. Tuseme umenunua samaki kilo 10 kwa shilingi 8,000 kila kilo. Baada ya kusafisha zinabaki kilo 7. Kilo yako sasa si 8,000 tena, ni kama 11,430, na kipande cha gramu 250 kimekugharimu karibu 2,860 kabla ya mawese, mkaa na mshahara. Mama lishe wengi hodari hufilisika hapa, sahani zikiisha kila siku.

Angalizo kwa anayeanza: wapo wenye majiko watakaokuacha kwenye sinki mwaka mzima. Kabla ya kukubali, uliza utahamia lini kwenye kukata, na lini kwenye moto. Miezi 2 ikipita hujashika kisu, tafuta jiko lingine. Ukikishika, kata vitunguu kwa ukubwa mmoja; vidogo huungua wakati vikubwa bado vibichi, na mchuzi unakuwa mchungu.

Hata ukibaki jikoni miaka, haipotei. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa unachokijua, unafundishwa palipopungua, ukifaulu unapewa cheti. Basi tangu siku ya kwanza weka daftari: uzito kabla na baada ya kusafisha, kiasi cha mafuta, sahani zilizotoka, na kilichoharibika.