Mkono ni upi?

Kwenye baraza yetu hapa Langoni, Lamu, juu ya ubao wa keram, kumebandikwa kipande cha boksi chenye kanuni saba. Ya nne inasema: "Mkono usivuke mshale." Maneno matatu tu, na Alhamisi iliyopita yalituweka hadi saa tano za usiku, kahawa ikapoa kwenye dele.

Kwa asiyecheza: keram ni kupiga kete ziingie mashimoni, na kila pembe ya ubao ina shimo na mshale uliochorwa kulielekea. Unakaa upande wako, unaweka straika, ile kete kubwa ya kupigia, kwenye mistari yako yenye duara kila mwisho, unapiga. Mpinzani wangu, fundi wa majahazi mwenye mikono kama makasia, aliweka straika kwenye duara la mwisho kulia, akaipiga ile kete nyekundu ikaingia, na pigo lililofuata akaifunika, yaani akaingiza na kete yake. Nyekundu ni pointi 3 kwa atakayeshinda bodi, yaani mzunguko mmoja, mchezo unaishia 25, na upande wake ulikuwa na 18. Nikapaza sauti: fauli! Vidole vyake vilikuwa vimepita juu ya mshale, kila mtu aliviona.

Hapo ndipo Kiswahili kilipotuingiza matatani. Nikikwambia nimeumia mkono, hujui kama ni kidole au karibu na bega, itabidi uulize tena. Mkono ndio tunaopeana tukisalimiana, na ndio huohuo unaoanzia begani. Sisi tukashikilia kwamba chochote kikivuka ni fauli. Wao wakasema kilichokusudiwa ni kiwiko, kiganja lazima kisogee ndipo mtu apige.

Nakiri nilijua wao ndio wenye haki, tena nilijua nikiwa bado napiga kelele. Chukua straika uiweke kwenye lile duara la kulia kabisa, kisha ujaribu kupiga kuelekea kushoto. Kidole kitakaa wapi? Kitakaa nyuma ya straika, na nyuma ya straika ndiko uliko mshale. Kwa tafsiri yangu duara lile lingekuwa pambo tu, na hakuna fundi anayechora duara ili lisitumike. Kiwiko ni jambo jingine. Tukicheza wanne, magoti yakigusana, mtu anayelaza kiwiko upande wa jirani anajipa pembe ambayo si yake, na jirani anakosa pa kukaa. Hilo ndilo kanuni ya nne inalizuia. Maneno yakiwa na maana mbili, mimi naangalia ipi inaacha mchezo uchezeke, na ipi inazuia ujanja uliofanya kanuni iandikwe.

Mzee mmoja akashauri tumpigie aliyeandika, siku hizi yuko Mombasa. Akapigiwa, simu ikawekwa sauti ya juu. Akasema hakumbuki, na je, nani anaongoza? Tukacheka. Lakini hata angekumbuka, sidhani ingetusaidia. Ukishabandika maneno ukutani, ni ya wanaoyasoma. Hatuwezi kucheza kwa kanuni iliyobaki kichwani mwa mtu aliyeko ng'ambo ya bahari.

Wapo wanaodhani dawa ni kuandika zaidi. Shirikisho la kimataifa la keram, lililoundwa India mwaka 1988, lina kanuni ndefu zenye vifungu chungu nzima, na bado mashindano yake yana waamuzi. Maneno mengi yana mianya mingi. Ninachotaka ni kitu kidogo: shaka ikizuka katikati ya bodi, pigo lile lihukumiwe kwa tulivyozoea kucheza hadi jana, na marekebisho yangoje bodi iishe. Na anayefaidika na tafsiri asiwe ndiye anayeitangaza kwa sauti kubwa kuliko wote. Usiku ule ni mimi.

Walishinda. Asubuhi nikakuta "mkono" umekatwa kwa mstari na juu yake pameandikwa "kiwiko". Nikaona yamekwisha.

Ijumaa baada ya Isha fundi alikuja na kanzu yake ya msikitini. Akainama kupiga, kiwiko kimetulia mahali pake kabisa, na mkono wa kanzu ukaburuta kete zangu mbili hadi ukingoni mwa shimo. Sote tukageuka kuangalia boksi ukutani.