Insha tano ndani ya saa tatu

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga mizinga kasri la Sultani, pwani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, na baada ya dakika kama 40 vita vikawa vimekwisha. Mwanafunzi wa Kidato cha Sita hapati hata muda huo kuvieleza. Karatasi ya historia tuliyoizoea ni insha tano kwa muda wa saa tatu. Gawa mwenyewe: dakika 36 kila moja, kusoma suali kukiwemo, na zote kwa Kiingereza.

Wanaoulaumu mtindo huu wana hoja nzito. Chukua suali linalopendwa kwenye tuisheni: kwa nini Seyyid Said, Sultani wa Oman, alihama Muscat akaja kukaa Unguja. Mtoto ana nukta zake sita: bandari yenye kina, maji matamu, hali ya hewa, ardhi ya kuotesha karafuu, usalama, biashara ya pwani na bara. Sasa mtungaji akiligeuza suali, akauliza biashara ilichangia kwa kiasi gani, utakuta nukta zile zile, bandari ikiwa mbele, na neno "kiasi" halikuguswa. Kupima kunataka utulivu. Saa inakimbia, basi anamwaga alichokariri.

Nilikaa na binti mmoja hapa Chake, Pemba, akijipima kwa saa ya simu. Insha ya kwanza ilihusu karafuu, na babu yake ana mikarafuu, kwa hiyo alijiachia: dakika 58. Ya tano ilibaki utangulizi na nukta mbili. "Ile ya kwanza niliona haya kuiacha nusu," aliniambia. Lakini kila insha ina alama 20. Zile dakika 22 za ziada labda zilimwongezea alama mbili kwenye karafuu; kwenye insha ya tano zingempa saba au nane.

Wanaoitetea saa watasema huo ndio ujuzi wenyewe, kujua cha kuacha. Mimi hoja yao inayonigusa ni nyengine. Tukiuacha mtihani wa saa, insha ya kuandikia nyumbani ingempeleka mtoto wa mjini Nyaraka za Taifa pale Kilimani, hatua chache tu. Wa Micheweni, huku Pemba, itabidi apande boti. Na mwenye kaka chuo kikuu ataandikiwa, asiye na kaka ataandikiwa na simu. Ukumbi wa mtihani, pamoja na joto lake lote, una saa ile ile kwa wote.

Kwa hivyo saa ibaki. Kinachonisumbua ni hizo insha tano. Marekani, kwenye mitihani ya historia ya AP (masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari), insha ndefu hupewa dakika 40, lakini ni moja tu. Nyengine hupewa dakika 60, na mtahiniwa huwekewa nyaraka saba mbele yake azisome na azipime. Tungeiga hilo, nukta sita za Seyyid Said zingekuwa pale pale mezani, na kazi ya mtoto ingekuwa kusema ipi ilikuwa na uzito. Usahihishaji ungekuwa mgumu zaidi, sikatai: nukta zinahesabika, hoja inabidi isomwe.

Kwa sasa nimemwambia binti atege kengele dakika ya 33 ya kila insha. Ikilia, aandike hitimisho, hata kama karafuu bado ziko kwenye majamvi.