Usiku wa Pili Wodini: Lalamiko la Upasuaji Huuliza Nini?

Wakazi wengi wa Nairobi wamewahi kuingizwa katika kikundi cha WhatsApp cha kuchangia bili ya hospitali. Kikundi huanza kwa namba ya paybill na picha ya mgonjwa akitabasamu. Siku chache baada ya upasuaji, mgonjwa anapozidi kudhoofika badala ya kupata nafuu, ujumbe hubadilika. Mmoja anauliza mbona tumbo limevimba. Mwingine, ambaye binamu yake ni muuguzi, anataka kujua kama ile homa ya usiku ilipimwa na ni nani aliyearifiwa. Mambo yakiisha vibaya, kikundi kilichoundwa ili kuchanga pesa huwa kikundi cha kuuliza maswali, na hapo ndipo lalamiko huzaliwa, wiki nyingi kabla ya wakili yeyote kutajwa.

Nimeanzia hapo kwa kuwa mjadala wetu kuhusu malalamiko dhidi ya madaktari wapasuaji kwa kawaida huanzia mbali sana na wodi, kwenye korido za mahakama ya Milimani au kwenye vichwa vya habari. Kufikia hapo kila upande umeshapewa sura yake: daktari ni mtu anayelindwa na wenzake, na mlalamikaji ni mtu aliyenusa fidia. Sura zote mbili zina chembe ya ukweli. Ya pili, hata hivyo, ndiyo ninayoiona kuwa imezidishwa mno, na imesababisha maswali mengi ya haki kupokelewa kana kwamba ni vitisho.

Hoja ya madaktari inastahili kusikilizwa vizuri kwanza. Kila upasuaji una hatari zake hata mikononi mwa mtaalamu aliyebobea. Mshono unaweza kutunga usaha, damu inaweza kuganda mguuni na kusafiri hadi kwenye mapafu, na mgonjwa aliyefikishwa hospitalini akiwa amechelewa siku tatu huwa na nafasi finyu ya kupona. Sheria inalitambua hilo. Tangu kesi ya Bolam iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1957, ambayo mahakama za Kenya zimeirejelea mara nyingi, matokeo mabaya peke yake hayatoshi kuthibitisha uzembe. Swali ni kama daktari alifuata utaratibu ambao wataalamu wenzake wenye kuwajibika wangeukubali. Bila kipimo cha namna hiyo, hakuna ambaye angekubali kumpasua mgonjwa mahututi, na wagonjwa wa aina hiyo wangekuwa wakisukumwa kutoka hospitali moja hadi nyingine mpaka wakose pa kupelekwa. Madaktari wanaosema kwamba hofu ya kushtakiwa inawafanya waepuke upasuaji mgumu hawatungi hadithi. Wala hawakosei wanapolalamika kwamba jina la daktari likishasambazwa mitandaoni, hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla ya yeye kuitwa kujieleza.

Ninayakubali hayo yote. Lakini yanajibu swali ambalo mlalamikaji mara nyingi hakuliuliza.

Takwimu moja imenikaa kichwani tangu ilipochapishwa katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2018. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Kwa jumla wagonjwa hao hawakuwa wazee, na wengi hawakuwa na maradhi mengine mazito. Hata hivyo waliofariki walikuwa asilimia 2.1, takriban mara mbili ya wastani wa dunia. Hiyo ndiyo namba iliyotangazwa sana. Iliyonigusa mimi iko mistari michache chini yake: kati ya wagonjwa 239 waliofariki, 225 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Waliofariki siku yenyewe ya kupasuliwa ni 14.

Kumi na wanne kati ya 239. Nimeirudia namba hiyo mara nyingi kwa sababu inaweza kutumiwa na pande zote mbili, na kila upande huishia kuinyofoa kipande kinachoufaa. Mpasuaji ataisoma na kusema kwamba mkono wake si wa kulaumiwa, kwa kuwa mgonjwa alitoka chumba cha upasuaji akiwa hai na akazinduka salama kutoka kwenye nusukaputi, yaani usingizi wa dawa. Kuna haki katika kauli hiyo, ila haitoshi. Utumbo ulioungwa vibaya Jumatatu huweza kuua Ijumaa, na kifo hicho kitahesabiwa miongoni mwa vile 225 ingawa chanzo chake kilikuwa kwenye meza ya upasuaji. Kwa hiyo takwimu haiwaondolei wapasuaji lawama moja kwa moja.

Inachofanya ni kutuonyesha mahali pa kutazama. Kati ya Jumatatu na Ijumaa mwili husema. Mapigo ya moyo hupanda, homa huja na kurudi, mkojo hupungua, tumbo hukazana, mgonjwa huanza kuweweseka. Dalili hizo huonekana iwapo kuna mtu wa kuzitazama saa nane za usiku, karatasi ya kuziandika, na daktari wa kupigiwa simu ambaye atafika. Yule mwenye binamu muuguzi kwenye kikundi cha WhatsApp, basi, hakuwa akitafuta mchawi. Aliuliza swali ambalo utafiti wenyewe unatuambia ndilo la kuulizwa, na aliliuliza bila ya kuwa na habari ya utafiti huo.

Nisidai kwamba kulijibu swali hilo ni rahisi. Watafiti wa kundi hilohilo walirudi na jaribio kubwa zaidi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Waliwachagua wagonjwa walio katika hatari kubwa na kuzitaka hospitali ziwachunguze kwa karibu zaidi: vitanda vyao viwekwe mahali ambapo wauguzi wanaviona, vipimo vichukuliwe mara nyingi zaidi, jamaa waruhusiwe kukaa nao wodini. Vifo havikupungua kwa kiwango cha kuonekana. Mtu anaweza kuyachukua matokeo hayo kama ushahidi kwamba malalamiko kuhusu uangalizi wa wodini hayana msingi. Mimi ninayasoma kwa namna nyingine: kumsogeza mgonjwa karibu na meza ya muuguzi mmoja anayewahudumia wagonjwa wengi kupita kiasi hakumwongezei muuguzi huyo macho wala mikono. Utafiti wa kwanza ulikuta wastani wa wataalamu wa upasuaji, uzazi na nusukaputi katika nchi hizo ukiwa 0.7 kwa kila watu 100,000, ilhali lengo lililopendekezwa kimataifa ni angalau 20. Pengo la ukubwa huo halizibwi kwa kuhamisha vitanda.

Hapa ndipo ninapoona kasoro ya njia tunayoitumia kusuluhisha malalamiko. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, yaani KMPDC, lililochukua nafasi ya Bodi iliyokuwa ikiwasimamia madaktari baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, lina mamlaka ya kumkaripia daktari, kumwagiza arudi mafunzoni, kumsimamisha au kumnyang'anya leseni. Ni mamlaka makubwa, na wale wanaosema kwamba Baraza ni klabu ya kulindana wanapaswa kukiri hivyo. Baraza pia hutoa leseni kwa hospitali. Lakini lalamiko likifika, huwa na jina la daktari juu yake, na mwenendo mzima huelekea kwenye jina hilo: je, alizembea au hakuzembea? Ikibainika kwamba mkono wake ulifanya kazi inavyotakiwa, lalamiko huelekea kufa hapo, na yale masaa ya usiku wa pili baada ya upasuaji, ambayo hayana jina la mtu mmoja, hubaki bila mwenyewe.

Tuliona mtindo huo mapema mwaka 2018, mgonjwa alipofanyiwa upasuaji wa kichwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo. Waliokuwa wakipasua waligundua baada ya saa kadhaa kwamba hapakuwa na damu ya kuondolewa. Miongoni mwa hatua za mwanzo ilikuwa kumsimamisha daktari aliyepasua, pamoja na wauguzi na mtaalamu wa nusukaputi, na madaktari wenzake wakapinga wakisema kwamba kosa la kuwatambulisha wagonjwa lilianza kabla ya kisu kushikwa. Walikuwa na hoja. Kinachonishangaza ni jinsi hoja hiyo, kwamba makosa husafiri kutoka mkono hadi mkono katika mfumo mzima, hutolewa kwa nguvu daktari anaposhtakiwa, na husahaulika mgonjwa anapoomba mfumo huohuo ujieleze. Wakati huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshatoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji tangu mwaka 2008, ambayo inataka jina la mgonjwa na sehemu ya kupasuliwa vithibitishwe kwa sauti kabla ya ngozi kukatwa. Katika majaribio yake ya kwanza, yaliyofanywa katika miji minane ikiwemo Ifakara ya nchini Tanzania, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Chombo kilikuwepo, tena cha karatasi tupu.

Wanaodai kwamba walalamikaji wanafuata pesa wana ushahidi mmoja wa kuonyesha, nao ni kwamba wengi hatimaye huenda mahakamani kudai fidia. Ni kweli, lakini hebu tutazame jinsi wanavyofikishwa huko. Sheria inaipa familia miaka mitatu kufungua kesi ya uzembe, na miezi 12 tu ikiwa mshtakiwa ni Serikali. Familia inayongoja jibu la hospitali kwa miezi minane, kisha inaambiwa faili halionekani, haina muda wa kuendelea kuwa na subira. Wakili ataishauri ifungue kesi ili isifungiwe mlango, naye wakili wa hospitali atamshauri daktari asiseme neno, hata pole. Kufikia hapo, mtu ambaye angeridhika na maelezo ya nusu saa kutoka kwa mpasuaji mwenyewe amekuwa mlalamikaji namba moja katika hati ya madai. Fidia huwa dai lake kwa kuwa mahakama haina kitu kingine kikubwa cha kumpa.

Kuna pia wale ambao hawalalamiki kabisa, nao hawaonekani katika hesabu yoyote. Mwenye deni huogopa kuuliza. Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua mwaka 2015, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa, kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha haki zake. Lakini uhusiano kati ya bili na ulimi haukukatwa na hukumu hiyo. Bili inapopunguzwa kimyakimya baada ya matokeo mabaya, familia huelewa bila ya kuambiwa kwamba maswali nayo yamepunguzwa.

Wapo wanaopendekeza tuige New Zealand, ambako tangu mwaka 1974 mtu aliyeumia kwa ajali hulipwa na mfuko wa taifa badala ya kushtaki, na ambako tangu mwaka 2005 aliyeumizwa na matibabu hahitaji kuthibitisha kosa la mtu. Ni mpango wa kuvutia, kwa sababu unatenganisha fidia na lawama. Kwetu, ambako hospitali na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, bado zinavutana kuhusu malipo ya matibabu ya kawaida, ninaogopa kwamba mfuko wa namna hiyo ungezaliwa ukiwa na madeni. Usuluhishi ulio chini ya mahakama, ambao ulianza kwa majaribio Milimani mwaka 2016, uko karibu zaidi na uwezo wetu, na Katiba inauhimiza katika kifungu cha 159. Kasoro yake ni kwamba humfikia mlalamikaji baada ya kesi kufunguliwa, pande zote zikiwa zimekwisha kununa.

Kitu ambacho hakihitaji mfuko wala jaji ni faili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kulalamika na lalamiko lake kuchunguzwa, na inataka aelezwe hatari za matibabu kwa lugha anayoielewa. Katiba, katika kifungu cha 35, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 zinampa haki ya kupata taarifa zinazomhusu. Pamoja na hayo yote, familia nyingi hupewa muhtasari wa ukurasa mmoja wa kumruhusu mgonjwa kuondoka, ambao unataja aina ya upasuaji, dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Karatasi ya vipimo vya usiku, ile yenye mistari ya mapigo ya moyo na joto la mwili, haimo.

Kama Baraza lingeandika kanuni moja mpya, ningetaka iwe kwamba hospitali itoe nakala ya faili zima, karatasi hiyo ikiwemo, ndani ya siku saba baada ya kuombwa, bila ya kungoja bili imalizwe, na kwamba mpasuaji akae na familia walipitie pamoja kabla ya lalamiko kuandikishwa. Mawakili wa hospitali watasema kwamba huko ni kumpa adui silaha. Lakini mpasuaji aliyeagiza mgonjwa wake apimwe kila baada ya saa nne, na ambaye agizo lake halikufuatwa, anaihitaji karatasi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote chumbani. Na iwapo nafasi za kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi zimeachwa tupu, familia itakuwa imejua ni nani wa kuulizwa, na huenda asiwe yule ambaye jina lake lilikuwa tayari limeandikwa juu ya lalamiko.