Posa ya Januari Mosi

Najua mmeshaisikia hii ya posa tuliyopeleka Kigamboni. Yule mpambe tuliyeongozana naye kaimwaga kwenye grupu kabla hata pantoni haijaturudisha Magogoni, tena kaitia chumvi, eti nilikimbizwa na mbwa. Pale hapakuwa na mbwa.

Kisa chote ni kompyuta ya stesheneri yangu, ndiyo mashine ninayochapia watu barua. Juzi juzi imezua tabia: umeme ukikatika, na Mbagala mnaijua, ukirudi mashine haiwaki moja kwa moja. Inasimama kwenye kioo cheusi, inataka nibonyeze F1. Nikibonyeza, inanitupa kwenye ukurasa wa mipangilio wenye mambo ambayo ukigusa vibaya unalala njaa.

Nikatafuta dawa kwenye simu. Majibu mawili ya juu ni matangazo, yote yanauza programu ya kuongeza kasi. La tatu linasema nipige Windows upya. La nne ni video, jamaa anaomba tumfuate mpaka bando likakata. Nikanunua lingine, nikakutana na mtaalamu mwenye like kibao: achana na F1, bonyeza F2, itapakia mipangilio ya kiwandani na kuendelea. Kweli bwana, ikawaka! Nikajiita injinia. Chini kabisa ya ukurasa huo huo kuna mtu alishaeleza kwamba ile ni betri ya saa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani ya kompyuta, aina ya CR2032, imekufa, na mashine imesahau tarehe. Hana like hata moja. (Wewe unayesema ungesoma mpaka chini, tunakujua.)

Mipangilio ya kiwandani ya mashine yangu inaamini leo ni Januari 1, 2009. Na barua zangu zote tarehe inajiweka yenyewe.

Ndivyo nilivyomchapia bwana harusi barua ya posa, tukavuka nayo Kigamboni.

Upande wa binti wakamkabidhi baba mdogo aisome. Mwalimu mstaafu. Mtu mwingine angeanzia "Yahusu", huyu kaanzia kona ya juu. Akavaa miwani. Akakohoa.

"Januari mosi, elfu mbili na tisa."

Kimya. Akaisogeza barua mbali na uso, akairudisha karibu.

"Hebu rudia," shangazi akasema.

Akarudia, sasa kwa sauti ya darasani. "Wazee wenzangu, hii imepitia posta ya wapi?"

Hapo bado kulikuwa na vicheko. Tatizo shangazi akaanza kuhesabu vidole. "Ngojeni kwanza. Mwaka huo huyu wetu alikuwa mtoto. Wa kuposwa alikuwa dada yake." Na barua, kwa adabu zangu za uandishi, haikutaja jina. Imesema "binti yenu" tu.

Dada mtu yupo, ndiye anagawa soda. Mumewe naye yupo, kochi moja na mimi, goti kwa goti. Akaiweka soda yake chini polepole. Akafuta mikono. Akanigeukia mwili mzima.

"Nani alikuwa anamtaka mke wangu?"

Jamani, maneno yote ya Kiswahili yalinitoka kichwani nikabaki na moja.

"Shemeji, ni betri."

"Betri?"

"Betri ya saa."

Akaushika mkono wangu, akaiangalia saa niliyovaa. Inatembea vizuri kabisa. Akaiweka na sikioni, akaisikiliza.

Babu mshenga ndiye aliyetuokoa, akaomba kalamu, akakata tarehe, akasaini pembeni. Posa imepokelewa. Betri nimenunua, bei yake aibu kuitaja. Shangazi katutoza faini ya kuchelewa tangu 2009, bwana harusi anasema niilipe mimi, na yule shemeji wa kwenye kochi kaomba namba yangu. Hajapiga. Ila kila nikiweka status, anakuwa wa kwanza kuiangalia.